Omuka, Karatasi ya Muleba

Kondoa, Jimbo la Kati
9 Machi 1954

Dada yangu Kokuhirwa,

Salamu zangu zikufikie kutoka nchi ya Warangi, ambako mvua imechelewa ila vumbi halijachelewa. Mimi ni mzima, kifua tu kinanikereketa. Je, wewe? Shemeji Damian na nyavu zake wanaendeleaje? Samaki wa Bumbire bado wapo au mmekwisha kuwamaliza? Barua hii naipitisha misheni ya Muleba kama ulivyoniagiza, maana za kisiwani hukaa kwa mwenye mtumbwi mpaka zinaloa.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, ukadhani nimekuwa mpimaji. Sijawa, na usiwatangazie watu kanisani. Mimi ni karani wa majina. Serikali inatengeneza ramani mpya ya nchi nzima, karatasi kwa karatasi, na kila karatasi ina daftari lake: miji midogo, vijiji, vilima, mito, makaburi ya watemi, maboma ya Wadachi yaliyobomoka. Tunakwenda nyuma ya wapimaji tukiwauliza wenyeji, pale panaitwaje? Tunaandika jina herufi kwa herufi, na pembeni jina la aliyelitaja, kwa sababu Bwana wetu wa ofisi hataki jina lisilo na mwenyewe.

Wiki iliyopita tulipanda Kolo kuona miamba iliyochorwa na watu wa kale. Wamechora watu wembamba kama fito na wanyama waliopauka rangi nyekundu. Nilimwuliza mzee aliyetuongoza, nani walichora? Akasema, waliokuwapo. Wakaenda wapi? Akasema, waliondoka. Nikakaa pale juu ya jiwe muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Tangu hapo sijisikii vizuri, wala si ugonjwa wa kwenda nao kwa mganga.

Najua utaniuliza habari ya kibanja cha Tata, shamba lile la baba yetu. Tuyaache kwanza. Barua ya msiba wake ilinifuata miji mitano mwaka jana, ikanikuta Tata amekwisha kuzikwa wiki sita. Bado sijajua niseme nini juu ya jambo hilo, kwa hiyo sisemi.

Wasalimie wote wa kisiwani.

Mdogo wako, tumbo moja,
Karugendo


Muleba
21 Aprili 1954

Mdogo wangu Karugendo,

Nimeipata barua yako, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya Tata, maana yeye alipenda kusomewa. Nashukuru kusikia u mzima. Dawa ya kifua ni asali na tangawizi, si kulalamika. Sisi huku hatujambo. Mvua zimenyesha vizuri, na mwinjilisti amepata mtoto wa kike baada ya wavulana wanne, amefurahi mpaka anahubiri kwa ufupi.

Tata alikupa jina la safari ndogo. Angejua ungeizidisha hivi angekuita kitu kingine.

Mimi nipo hapa owaitu, kwa Tata, kwa siku chache, nimekuja kupalilia kaburi. Ule mgomba mkubwa ulio nyuma ya jiko umeanguka na mkungu wake, nikauegemeza kwa gogo, asubuhi yake ukaanguka tena. Mchwa wamepanda nguzo ya mlangoni. Kahawa ya upande wa bondeni inaiva mapema kuliko ya juu, na ndege wanakuja saa ile ile kila siku kabla umande haujakauka. Haya nakuandikia ili ujue shamba liko hai.

Sasa sikiliza, na usiniambie tuyaache. Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema mrithi akalishwe kwenye kiti cha Tata mwaka huu, kabla ya msimu wa senene. Mrithi ni wewe, hakuna anayebisha. Lakini kiti hakikaliwi kwa barua. Usipofika, watamkalisha mtoto wa baba mdogo Rugambwa, na huyo amekwisha kusema hadharani kwamba atavunja nyumba ya Tata na kujenga ya bati. Siku mbili tu ungekuja, ukakaa, ukapewa mkuki na mundu wa migomba, kisha urudi kwenye majina yako. Mwenye kibanja si lazima awe amelala ndani yake kila siku. Inatosha kiwe chake.

Jambo jingine. Kwa nini unaniandikia Kiswahili kana kwamba mimi ni Bwana Shauri? Haya, nami nakujibu kwa hicho hicho, tuone nani atachoka.

Dada yako anayekuombea,
Kokuhirwa


Kilwa Kivinje, Jimbo la Kusini
30 Juni 1954

Dada yangu Kokuhirwa,

Barua yako imenikuta huku Kilwa baada ya kunikosa Kondoa na Dodoma. Naona posta nao wananifuata kwa kuuliza njia. Natumaini u mzima, na shemeji mzima, na kwamba mmerudi kisiwani salama. Mimi nimenenepa kidogo kwa samaki wa huku, wala hawafikii wa ziwani kwetu.

Tumevuka kwenda kisiwa kilichokuwa mji mkubwa zamani. Kuna msikiti uliobomoka, matao yake yamesimama bila watu, mbuzi wanalala mahali pa kuswali. Niliandika majina kumi na moja siku hiyo. Kazi hii ina vichekesho vyake. Kule Singida mzee aliulizwa jina la kilima akataja lake mwenyewe na la marehemu baba yake, akidhani anaandikishwa kodi. Kilima kikaitwa hivyo miezi mitatu mpaka nilipokikomboa. Mahali pengine mto uliandikwa kwa jina la mbwa aliyekuwa akiitwa wakati ule ule. Ndiyo maana daftari hupita mikononi mwangu kabla ya kwenda kuchapwa pamoja na karatasi yake. Bwana husema nina sikio.

Dada, nimelala katika miji thelathini na minne, nimeihesabu. Yote ina boma, jela, duka la Mhindi na bendera. Asubuhi naamka na kwa kitambo sijui nipo mji upi. Hakuna hata mmoja ambao mtu angesimama mlangoni akasema, Karugendo amechelewa leo.

Umeniuliza kuhusu Kiswahili. Nikiandika Kihaya naisikia sauti ya Tata, na barua haiishi. Hiyo ndiyo sababu, usinitanie.

Baba mdogo Rugambwa ameniandikia. Nimemjibu. Tutaonana Mungu akipenda.

Ndugu yako,
Karugendo


Muleba
12 Agosti 1954

Karugendo, mdogo wangu,

Hatujambo, isipokuwa mwinjilisti ameumwa jino na shavu limekuwa kama boga. Bibi wa jirani amefariki, tumemzika vizuri. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Niligeuza karatasi yako nikidhani maneno mengine yako nyuma. "Nimemjibu." Ulimjibu nini? Tangu apate barua hiyo baba mdogo hasalimii kama zamani. Anapita ndani ya kibanja asubuhi, anapima kwa hatua kutoka mtini mpaka mtini, anajisemea. Juzi alimleta fundi wa bati wakasimama mbele ya nyumba ya Tata wakionyesha kwa vidole. Nilitoka nikawaletea kahawa ya kutafuna kama desturi, wakachukua, hawakunitazama.

Wenzako wa ramani wamepita pia. Walikuwa watatu na punda, mmoja ana kofia ya kizungu ila si Mzungu. Waliuliza kila kitu: rweya hii, mbuga ya nyasi, inaitwaje, kijito kile, pango la mizimu lile pale. Wamekwenda Nshamba, wakashuka Ngenge, na nasikia wamevuka hata Bumbire. Nilipowaona na madaftari nikakufikiria, nikaona haya kwamba niliwahi kuicheka kazi yako. Ni kazi nzuri, kwenda ukiuliza watu kwao ni wapi.

Mimi bado nipo huku owaitu. Siku zimeongezeka kwa sababu ya kahawa, haiwezi kuvunwa na mtu mmoja upesi. Damian ameelewa.

Njoo, Karugendo. Sikuombi kitu kingine mwaka huu. Wazee wanaweza kuitana siku yoyote kuanzia sasa. Ukifika Mwanza, meli ni usiku mmoja tu.

Dada yako,
Kokuhirwa


Dar es Salaam
4 Oktoba 1954

Dada,

Nisamehe kwa kutoanza na salamu ndefu. Ni mzima. Sasa nipo ofisini, ghorofa ya juu, na barua hii naiandika wakati wa chakula.

Leo asubuhi Bwana aliniwekea mezani daftari la karatasi ya Muleba. Nilifurahi kama mtoto. Nilisoma majina polepole, kama mtu anayetembea njia ya kwao: Kamachumu, Nshamba, Ngenge, Bumbire. Kisha, ukurasa wa kumi na nne, nikakuta haya: "Shamba la zamani la migomba na kahawa. Nyumba ya nyasi. Kaburi jipya upande wa mashariki. Jina la mahali: OMUKA. Aliyetaja: Kokuhirwa binti Mushumbusi, amekutwa akitoka kisimani."

Aliyeandika ni kijana wa Morogoro, mwenye kofia uliyemsema. Alinyoosha kidole akauliza, pale wapi? Ukamjibu. Kwake neno hilo ni jina kama Ngenge. Kwetu ni nyumbani. Nikawaeleza wenzangu kwamba Serikali imepata mji mpya unaoitwa Nyumbani, wakacheka mpaka wakashika meza. Nami nikacheka nao, halafu nikalisoma tena neno lile.

Maana mwanamke aliyeolewa hasemi omuka akionyeshwa kwa baba yake. Anasema owaitu, kwetu nilikozaliwa. Omuka ni pale anapolala na kupika. Katika barua zako zote umeandika owaitu, hukukosea hata mara moja. Lakini yule Mmorogoro alikukuta na mtungi kichwani, hukupata nafasi ya kuchagua neno.

Tangu lini, dada? Umekaa pale peke yako tangu lini? Damian yuko wapi?

Sasa nami niseme langu, na nitalisema upesi. Mwezi wa tano nilimwandikia baba mdogo Rugambwa kwamba sitakuja kukalishwa, na kwamba mwanawe achukue kibanja. Nilitia sahihi, nikatia na muhuri wa ofisi ili ionekane ya maana. Mtu ambaye hakufika kumzika baba yake anakaaje kwenye kiti chake? Nilishindwa kujiona mbele ya wale wazee. Na nilijiambia, hapana anayeumia. Dada ana mume, ana nyumba, ana kisiwa kizima. Kumbe nimekitoa kibanja na wewe ukiwa ndani yake.

Najua desturi. Ndugu yako akiwa kwenye kiti, hakuna wa kukuondoa. Mtoto wa baba mdogo akikaa, wewe ni mgeni. Leo hii nimemwandikia baba mdogo kufuta maneno yangu, barua zote mbili zinaondoka kwa treni ya jioni. Nimeomba likizo. Nitakuja, nitakaa kwenye kiti hicho hata wakinizomea.

Usiondoke.

Karugendo


Bakoba, Bukoba
1 Novemba 1954

Mdogo wangu Karugendo,

Salamu za upendo. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako ilifika misheni tarehe kumi na nane, mwinjilisti akaniletea mwenyewe kwa baiskeli mpaka huku mjini, hakutaka kuipa posta tena. Mungu ambariki.

Walimkalisha mtoto wa baba mdogo tarehe tisa Oktoba. Asubuhi ile baba mdogo alikuja akaniambia wageni wanakuja, nitandaze nyasi mpya ndani. Nilifikiri umefika. Nilidhani wanataka kunishtukiza, Karugendo, ndiyo maana hawasemi. Nikakata nyasi kutoka rweya mizigo mitatu, nikatandaza vizuri, nikapika. Wakaingia wazee saba, na nyuma yao akaingia yeye, na kanzu mpya. Barua yako ya muhuri ikasomwa kwa sauti. Nilikuwa nimeshika sinia. Mzee mmoja aliniuliza, binti, ulijua? Nikasema, nilijua. Sikutaka waone kwamba ndugu yangu hakuniambia.

Ya kwako ya kufuta ilipofika, mwinjilisti ameniambia, baba mdogo aliisoma akaiweka mfukoni. Mtu hasimamishwi kitini akishakaa. Usipoteze likizo yako kwa hilo.

Nilikasirika. Nitakuambia ukweli, nilikasirika mpaka nikashindwa kusali. Uliwauliza wenyeji wa nchi nzima mahali pao panaitwaje, hukuniuliza mimi mahali pangu. Lakini hasira ilipopungua nilijiona na mimi. Umeniuliza tangu lini. Tangu kabla ya Tata hajafariki, miezi mitano. Damian alioa mwingine, na huyo akazaa mapema. Mimi miaka sita sikuzaa. Hakunifukuza, ila nilianza kula nikiwa wa mwisho, na siku moja nikapanda mtumbwi. Tata alinifungulia mlango hakuuliza neno. Kwako nilificha kwa sababu ulikuwa unajivunia. Kila barua, shemeji, shemeji, kisiwa, samaki. Nilipenda kuwa huyo dada unayemwandikia. Ningesema mstari mmoja tu, usingetia sahihi. Kwa hiyo kibanja tumekitoa sote wawili.

Niliondoka wiki ile ile, nikapanga chumba kwa mama mmoja Mwislamu, Ashura, mjane, mtu mzuri ingawa anakoroma ukuta unatikisika. Mchana nachambua kahawa kwenye ghala la karibu na gati. Tunakaa chini wanawake arobaini, punje nzuri huku, mbovu kule. Wengi wametoka vijijini kwa safari kama yangu, ila hatuulizani. Jioni narudi chumbani, najikuta nasikiliza kama mlango utasukumwa. Hakuna wa kuusukuma. Ndivyo ulivyo upweke, wewe umeujua zamani kuliko mimi, na sasa naelewa kwa nini ulihesabu ile miji.

Sasa sikia jambo moja ninalolitaka. Hujaniuliza, nakujibu kabla hujauliza. Lile neno lililoandikwa kwenye daftari, usilifute. Najua ni kosa. Najua watu wa Muleba wakiliona watacheka na wenye akili wataelewa, kama ulivyoelewa wewe. Waelewe. Baba mdogo ana karatasi ya ukoo, ina alama za vidole vya wazee saba, jina langu halimo. Nimekaa pale, nimemuuguza Tata pale, nimemzika pale, na hakuna mahali popote lilipoandikwa jambo hilo ila kwenye daftari la yule kijana wa kofia. Mimi sina hati nyingine. Iache Serikali iandike hivyo.

Sitakuomba tena kitu.

Dada yako akupendaye,
Kokuhirwa


Dar es Salaam
6 Novemba 1954

Dada yangu Kokuhirwa,

Natumaini barua hii itakukuta pale pale kibanjani, mzima, na kwamba baba mdogo amekwisha kupata yangu na wazee wameahirisha kikao. Bado sijapata jibu lako, lakini najua posta ya ziwani ilivyo. Mimi hali yangu ni njema kuliko ilivyokuwa mwaka mzima. Likizo imekubaliwa: natoka hapa tarehe sita Desemba, nitapanda meli Mwanza, utaniona kabla senene hawajaisha. Usiniandalie kitu. Nitandazie nyasi tu, nilale.

Nina habari moja ya kukufurahisha. Karatasi ya Muleba imekwenda kuchapwa jana. Kabla haijaondoka nilikaa nayo jioni nzima. Nilifikiri watu wa kwetu watakavyoikunjua, mwinjilisti, walimu, hata Damian, waione ile Omuka, na daftarini jina lako pembeni, wajue yaliyokupata. Sikuweza kukubali waicheke shida yako. Nikachukua wembe, nikalikwangua neno lile taratibu, daftarini na kwenye ramani yenyewe, jina lako nalo nikalikwangua, nikaandika Nyakashozi kama Tata alivyopaita. Bwana aliitazama kwa kioo chake, akasema hajaona kazi safi kama hii.

Usiwe na wasiwasi tena, dada. Karatasi ni nyeupe kabisa. Hakuna mtu atakayejua kwamba palikuwa na kitu.

Mdogo wako anayekuja,
Karugendo